Kisado cha Ufuta: Siku Nane Kusini na Mama

Siku ya kwanza, Ijumaa. Dar hadi Lindi

Basi liliondoka Mbagala Rangi Tatu saa kumi na mbili kamili alfajiri, kama tiketi ilivyoandikwa, na Mama akaona hiyo ni dalili mbaya. "Basi la Kusini likiwahi kuondoka, litalala njiani." Akajifunika kanga, akafumba macho kabla hata hatujaiacha Kongowe.

Mama ni mwalimu mstaafu. Mwaka 1978, akiwa na miaka ishirini na miwili, alipangiwa kazi Lindi. Alikuja kwa meli, maana wakati wa masika barabara hii ilikuwa jina tu. Tangu ahamishwe katikati ya miaka ya themanini hakuwahi kurudi, na mwaka huu alisema anataka kwenda kabla magoti hayajagoma kabisa. Nikachukua likizo ya Julai.

Alizinduka Ikwiriri, kana kwamba kuna mtu amemgusa bega. Mbele yetu kulikuwa na Rufiji. Zamani hapa kulikuwa na pantoni ya Ndundu, akanisimulia, na pantoni ikiharibika watu wanalala hapo hapo siku mbili au tatu, wanapika, wanagombana, wengine wanachumbiana. Daraja la Mkapa, lililofunguliwa 2003, lina urefu wa karibu kilomita moja. Tulilivuka kwa dakika moja na kidogo. Mama aliligeukia na kulitazama mpaka lilipopotea nyuma, kisha akasema, "Ndiyo basi?"

Somanga wauza samaki walivamia madirisha kama kawaida, beseni kichwani, pweza wa kukaanga kwenye vijiti, changu, vibua. Hapa ndipo maji yalipoikata barabara Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopita, na mikoa ya Kusini ikawa haifikiki kwa gari kwa siku kadhaa. Mama alinunua pweza kijiti kimoja, akatafuna mguu mmoja, akanipa uliobaki. "Mgumu. Hawakumpiga vya kutosha." Kumbukeni neno hilo.

Kabla ya Nangurukuru tairi likapasuka. Tairi la akiba nalo halikuwa na upepo. Saa mbili na nusu chini ya mkorosho, Mama akiwa na uso wa mtu aliyeshinda kesi. Lindi tulifika magharibi, tukalala bila kuoga.

Siku ya pili, Jumamosi. Lindi

Shule aliyofundisha ipo, ila imezungukwa na nyumba na mwembe wake umekatwa. Alisimama getini dakika tano, akasema twende. Sikumuuliza kitu.

Mchana tulialikwa na mwanafunzi wake wa zamani, sasa mama mtu mzima mwenye wajukuu, anayeishi nje ya mji upande wa Mchinga. Alipiga magoti kumwamkia Mama akiwa na mvi zake, nami nikatamani kucheka na kulia kwa pamoja.

Uani kwake kulikuwa na ufuta. Sikuwahi kuufikiria ufuta hata siku moja maishani. Kwangu ni zile mbegu juu ya mkate. Lakini Lindi ndiyo nyumbani kwake hapa nchini, na Julai kila ua una mashada yake. Mwenyeji wetu alinieleza kazi yenyewe. Ufuta hauvunwi ukiwa mkavu, maana ganda lake likikauka hufunguka lenyewe, mbegu zikamwagika zote shambani ukabaki na mabua. Kwa hiyo unaukata ungali na ukijani, unaufunga mashada, unayasimamisha yakiegemeana kama watu wanaonong'onezana. Siku zikipita, maganda yanafunguka midomo kuelekea juu. Hapo unalichukua shada taratibu kama mtoto aliyelala, unalibeba hadi kwenye turubai, unaligeuza kichwa chini, unaligonga kwa fimbo.

Aliligonga moja mbele yetu. Sauti ilikuwa ya mvua ya rasharasha juu ya bati, mara moja, halafu kimya. Kwenye turubai pakawa na kilima kidogo cheupe.

"Mnaulaje?" nikauliza.

Akacheka. "Tuule? Huu ni fedha, mwanangu. Labda kashata za watoto." Ukitoka hapa unakwenda chama cha msingi, ghalani, mnadani, kisha bandarini. Wanunuzi wakubwa wako China. Yeye mwenyewe hajui wakifika nao kule wanaufanyia nini, na alinitazama kama vile mtu wa Dar ndiye anayepaswa kujua.

Tulipoondoka alitufungia kisado kizima cha ufuta, mfuniko akaukaza kwa gundi ya karatasi. Mama akakipokea kwa mikono miwili. Nikapiga hesabu ya nani atakayekibeba.

Siku ya tatu, Jumapili. Lindi hadi Mtwara

Kilomita mia moja na kidogo. Tulipita Mnazi Mmoja, njia panda ya Masasi, korosho kulia na korosho kushoto. Jua likielekea kuzama barabara ikateremka, na ghafla upande mmoja ukawa maji: ghuba ya Mikindani, ya mviringo kama bakuli, minazi pembezoni, ngalawa zimelala ubavu. Mama akanishika mkono. "Kesho kutwa tuje hapa." Nikamwambia kesho.

Mtwara mjini, nyumba ya wageni maeneo ya Shangani. Maji ya bomba hakuna, ndoo ipo.

Siku ya nne, Jumatatu. Mikindani

Siku hii nitaiandika yote.

Tulipanda daladala asubuhi, kilomita kama kumi tu. Mikindani ni mji mdogo unaoweza kuumaliza kwa miguu kabla chai haijapoa, lakini hauishi haraka. Nyumba za mawe ya matumbawe, nyingine nzima, nyingine zimebaki ukuta mmoja wenye mlango wa nakshi usioelekea popote, na mtini umeota sebuleni. Juu ya kilima kuna boma la Wajerumani la 1895, siku hizi hoteli, nyeupe kama meno ya bandia. Livingstone alianzia hapa safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Mama alinieleza haya yote kwa sauti ya darasani, watoto watatu wakaungana nasi kusikiliza bure.

Alieleza pia kwa nini mji umesinzia. Waingereza walipoleta mradi wao wa karanga 1947, walihitaji bandari ya kupitishia shehena za Nachingwea. Maji ya Mikindani ni mafupi, meli kubwa haziingii, hivyo bandari mpya ikajengwa Mtwara kwenye kina. Mradi ukafa 1951. Reli ya mradi nayo ikaja kung'olewa. Bandari ikabaki Mtwara, na Mikindani haikurudishiwa kitu. "Karanga zenyewe hazikuota," alimalizia, akiwatazama wale watoto kama wanaoandika.

Wageni wa kupumzika wanakuja, wachache, wanalala kilimani au kwenye nyumba za wageni za ufukweni, wanaogelea, wanakwenda kuzamia kwenye matumbawe. Chakula walichonacho wenyeji ni kile kile cha pwani yote: wali, samaki, chipsi. Ilikuwa saa saba, nami nilishajiandaa kwa wali samaki.

Ndipo Mama akasimama katikati ya kichochoro, akainua pua. "Kuna mtu anakaanga ufuta."

Nikavuta pumzi. Kweli. Harufu kavu, tamu, kama korosho lakini nyembamba zaidi. Tukaifuata kama paka, kona mbili, mpaka kwenye nyumba ya mawe yenye baraza lililoangalia ghuba. Kibao hakuna. Meza tano za plastiki, moja imewekewa kipande cha kifuu chini ya mguu ili isiyumbe. Kwenye mlango wa jikoni alisimama mzee mrefu mwenye kofia ya mkono, kikaango mkononi, anakitikisa bila kukitazama.

"Shikamoo mzee. Hapa kuna chakula?"

"Marahaba. Kipo. Ila siyo wali."

Binti wa umri wa sekondari, mjukuu wake, akaja na daftari la mistari akatuandikia. Yeye ndiye aliyetuambia kwamba watu humwita babu yake Mgiriki, na kwamba hapa panapikwa chakula cha Mediterania.

"Mediterania ni bahari, siyo nchi," Mama akamsahihisha. "Kuna Wagiriki, Waitalia, Wamisri, Walebanoni, Wamoroko. Hapa kinapikwa cha nani?"

Binti akamtazama babu. Babu akaweka kikaango chini. "Cha wote, Mwalimu." Alijuaje kuwa ni mwalimu? Nadhani nchi nzima ingejua.

Tulisubiri saa nzima na nusu. Nalisema wazi kwa sababu mwenye haraka asiende. Lakini kusubiri kwenyewe kulikuwa na mambo ya kutazama, kwani jiko liko wazi na mzee anapenda kuongea. Alizaliwa hapa hapa. Mwishoni mwa miaka ya themanini alikwenda Dar, na kama vijana wengi wa bandarini wakati ule, akazamia meli. Alitaka Marekani, meli ikamshusha Piraeus, bandari ya Ugiriki. Aliosha vyombo miaka minne kwenye mgahawa wa gatini, wa mama mmoja mjane aliyemwita kwa jina la marehemu mumewe kwa sababu la kwake lilimshinda kutamka. Kisha akashika mwiko. Kisha akapika kwenye vivuko vya kwenda visiwani, pamoja na Mmisri mmoja na Mlebanoni mmoja, na kila mmoja aliapa kuwa chakula hicho kilianzia kwao. Alirudi baada ya miaka kumi na tisa, na visu vitatu na mgongo mbovu.

Alichokuwa anakaanga ni ufuta wa tahina, yaani rojo la ufuta uliopondwa. Nimetazama kazi hiyo kwa karibu, hivyo nitaeleza. Kikaango kikavu, moto mdogo wa mkaa. Mbegu zinaanza kurukaruka, moja, mbili, halafu zote, na hapo ndipo anapozitoa kabla hazijabadilika rangi sana, maana zikiungua hata kidogo tahina inakuwa chungu. Anazipoza kwenye ungo. Anaziponda kwenye kinu kidogo mpaka ziwe unga. Anaendelea kuponda. Unga unakuwa donge. Hapo ndipo ningekata tamaa mimi. Anaendelea, na ghafla donge linalegea, linang'aa, linaanza kutiririka kama asali bila kutiwa hata tone la kitu. Mafuta yalikuwemo muda wote. Blenda anayo, alisema, ila umeme wa siku hiyo ulikuwa na mambo yake.

Kikaja cha kwanza: bakuli la rojo la rangi ya krimu, limechorwa duara katikati kwa mgongo wa kijiko, na ndani ya duara mafuta ya zeituni kidogo sana. Mafuta hayo huagizwa Dar kwa bei ya kutisha, na yeye huyatia kama mtu anayemtia mtoto dawa ya macho. Pembeni, mikate myembamba aliyoioka juu ya karai lililofunikwa kifudifudi kwenye mkaa, ina madoa meusi na hewa tumboni.

Nilimega, nikachovya. Ulaini kwanza, kisha ndimu, kisha kitunguu saumu kinachokuja kwa nyuma, na chini ya vyote ile harufu ya ua wa Mchinga. Lakini kulikuwa na kitu kingine, utamu wa udongo ninaoujua tangu utoto, nami nikawa sikipati jina.

"Mbaazi," Mama akasema, mdomo umejaa.

Mzee akacheka mpaka akashika meza. Kule rojo hili huitwa humusi na hupikwa kwa dengu, na mwanzo naye alikuwa akiagiza dengu. Mwaka 2017 India ikaweka mipaka ya mbaazi zinazoingia nchini kwao, bei huku ikaanguka, magunia yakabaki kwenye nyumba za watu. Shemeji yake alikuwa na magunia sita ya kulishia mbuzi. Akazijaribu: loweka usiku kucha, chemsha mpaka ziachie maganda, menya moja moja. "Ile kazi ya kumenya ndiyo inayowashinda watu. Ukiacha maganda, umepika kande iliyopondwa." Tangu hapo hajanunua dengu tena.

Nikafikiria. Mbaazi za hapa, zilizokuwa zikingojea meli ya India. Ufuta wa Lindi, unaongojea meli ya China. Ndimu ya uani. Kitu pekee kutoka bahari ile nyingine kilikuwa matone yale ya mafuta, na Mama alishayafuta kwa kipande cha mkate.

Likafuata bilinganya lililochomwa ndani ya makaa mpaka likasinyaa, likamenywa, likapondwa na tahina. Nzuri, ya moshi. Kisha changu mzima wa kuchoma, amepakwa ndimu, chumvi na majani ya kijani yaliyokatwakatwa. Mama aliyanusa. "Si kivumbasi hiki? Sisi tunafukuzia mbu, wewe unatupikia?" Mzee akakiri. Majani anayotaka hayaoti hapa, au yanaota yakafa, na kivumbasi ni ndugu wa rehani. Kwa changu kilikaa vizuri mno. Kingezidi kidogo tu, ningekumbuka chandarua.

Siyo kila kitu kilinipendeza. Nyanya za saladi zilikuwa mbichi, zinaruka chini ya uma. Jibini lake, ambalo ni mtindi uliochujwa kwenye kanga ukaning'inizwa usiku mzima na kutiwa chumvi, lilikuwa la chumvi ya bahari yenyewe. Mama aliuliza hiyo kanga ni ya nani, akaenda jikoni kuikagua, akarudi ameridhika.

Nilipouliza pweza, maana nimesikia Wagiriki hawana mchezo na pweza, mzee alitazama ghuba. "Leo mwezi ishirini na sita. Maji bado hayajatoka vya kutosha. Pweza wa friji sipiki. Njooni Alhamisi, bamvua, maji yatatoka hadi mbali."

"Alhamisi tunaondoka," nikasema.

"Tunaondoka Ijumaa," Mama akasema.

Shilingi thelathini na nane elfu, wawili, pamoja na maji na kahawa ya tangawizi. Kisado cha ufuta kilibaki kwake. Mama alikibeba siku nzima, sijui kwa nini, na alipokiona mzee alikifungua, akatia kiganja, akanusa, akasema, "Nipeni hadi Alhamisi."

Siku ya tano, Jumanne. Mtwara

Asubuhi tulikula ming'oko ya kuchemsha iliyonunuliwa kando ya barabara, vile viazi mwitu vyembamba vya Kusini, na chai ya rangi. Mama alisema ming'oko ya Lindi ya 1978 ilikuwa mitamu zaidi. Soko kuu, korosho za kubangua, bei za mtalii mpaka alipofungua mdomo yeye. Muuzaji mmoja alitusalimia "Mtwara kuchele!" nami nikajibu kwa Kidar, nikaaibika.

Mchana alilala. Nilikaa Feri nikitazama watu wanaovuka kwenda Msangamkuu na baiskeli na kuku.

Siku ya sita, Jumatano. Msimbati

Nilikodi gari dogo. Dereva aliapa kwamba halikwami. Lilikwama mara tatu, na mara ya tatu walilisukuma wavuvi kwa bei waliyoitaja kabla ya kushika bodi. Huu ni mchanga mweupe, mwembamba, unaolia chini ya soli. Bahari hapa ni sehemu ya Hifadhi ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa 2000, na gesi inatoka hapa hapa jirani. Mama aliingia majini mpaka magotini na nguo zake, akasimama muda mrefu. Chakula: biskuti.

Siku ya saba, Alhamisi. Mikindani tena

Mzee alisema tufike kabla ya saa tatu asubuhi, twende tukamwone pweza anakotoka. Maji yalikuwa yametoka kama yaliyoitwa. Palipokuwa ghuba siku ya Jumatatu sasa palikuwa uwanja: mwani, mawe, vidimbwi, na wanawake wametawanyika mbali, wameinama, kanga zimefungwa kiunoni, kila mmoja na chuma chake chembamba. Wanatembea polepole wakitazama mashimo. Pweza hujisaliti kwa usafi wake. Mlangoni pake kuna maganda ya kaa na chaza aliokula, yamepangwa nje kama takataka za mtu nadhifu.

Mwanamke mmoja karibu yetu alichomeka chuma kwenye tundu, akakizungusha, akangoja. Mkono mmoja wa kahawia ukatoka, ukakishika chuma, kana kwamba unasalimia. Akavuta. Yule mnyama akabadilika rangi mara tatu kabla ya kufika hewani, kahawia, nyekundu, nyeupe ya hofu, akamzingira mkono hadi kiwiko. Yule mwanamke hakushtuka hata kope. Akamgeuza kichwa ndani nje kama soksi, akamaliza.

Kisha akamweka juu ya mwamba, akachukua rungu fupi, akaanza kumpiga.

"Kule pia wanampiga," mzee akasema. "Wanamshika miguu, wanambamiza gatini. Mara arobaini, wanasema. Halafu wanamwanika kwenye kamba kama nguo. Siku ya kwanza nilipoona Piraeus nililia, nikajua sijafika mbali."

Mama alikuwa ameshamwomba yule mwanamke rungu. Akavua viatu, akapiga goti kwenye mwamba, magoti yale yale tuliyoambiwa yatagoma, akapiga. Alihesabu kwa sauti. Ilipofika ishirini na tano nilimwambia inatosha. Aliendelea hadi arobaini na mbili. "Ya ziada ni ya yule wa Somanga."

Jikoni hakuna maji yaliyotiwa sufuriani. Pweza alitiwa mkavu, mfuniko juu, moto mdogo, akatoa maji yake mwenyewe ya zambarau na kujipikia humo karibu saa nzima. Akatolewa, akapozwa, akatupwa juu ya wavu wa mkaa mpaka ncha za miguu zikawa nyeusi na kukauka kama majani. Akakatwa kwa mkasi. Siki kidogo, chumvi, na yale matone ya macho, safari hii, niliona, zaidi kidogo.

Nje anavunjika kwa meno, ndani ni laini kama ini. Ladha yake ni bahari, moshi, na uchachu unaokufanya umeze mate kabla hujamaliza kumeza nyama. Kwetu pweza ni wa nazi, na mimi ni mtu wa nazi, lakini nazi humbembeleza pweza mpaka unasahau alikuwa nani. Huyu alikuwa bado yeye.

Mama alikula kimya. Binti wa daftari alikuja kuuliza kama kila kitu ni sawa.

"Hana nazi," Mama akasema.

"Mwalimu, nikuletee kingine?"

"Nani kakwambia ondoa sahani?"

Tulikaa hadi maji yakarudi. Yalirudi bila kelele, yakijaza kidimbwi kimoja hadi kingine, na walipopanda wanawake wa mwisho na ndoo zao vichwani mzee alikwenda kuchagua pweza wawili wa wageni wa usiku. Alirudi na chupa ya plastiki ya mdomo mpana, imejaa tahina. Nusu ya kisado chetu iliingia humo. Nusu nyingine aliomba abaki nayo, na badala yake hakutaka fedha ya chakula. Wakabishana yeye na Mama robo saa. Mwishowe Mama alimpa elfu ishirini ya daftari la mjukuu, akiwa amempa kwanza yule binti mtihani wa nchi tano zinazopakana na Mediterania. Alipata nne. Moroko ilimponyoka.

Siku ya nane, Ijumaa. Mtwara hadi Dar

Basi liliondoka limechelewa saa nzima na halikuharibika popote.

Mama alikataa chupa iwekwe kwenye buti. Aliishika mapajani njia yote, na kila penye matuta aliikumbatia. Mafuta yalikuwa yamepanda juu, kidole kizima cha rangi ya dhahabu. Somanga madirisha yakavamiwa. Alimchagua muuza muhogo wa kukaanga, akampita wa pweza bila kumtazama, kisha akafungua chupa, akakoroga kwa mpini wa kijiko mpaka ikawa moja, akamega muhogo, akachovya.

Abiria wa upande wa pili, kijana mwenye spika za masikio, alizitoa akauliza, "Bibi, ni nini hiyo?"

"Ufuta," akasema, akimpa kipande. "Lakini ndimu imepungua."